Mkimbiaji wa Ridhaa: Je, Kutenda Jema Bila Kujisikia ni Unafiki?

Maandiko ya kusoma: 1 Wakorintho 9:24–27; Mathayo 21:28–31; 1 Wafalme 19:4–8



Wiki hii nataka tukae na swali ambalo nimeulizwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na watu wawili wasiofanana kabisa. Wa kwanza ni kijana wetu, mmoja wa wale wanaokimbia asubuhi. Aliniambia, "Pasta, siku hizi nikipiga magoti sisikii kitu. Maneno yanatoka tu mdomoni. Si afadhali niache kuliko kumdanganya Mungu?" Wa pili ni dada mmoja wa kanisa hili, ambaye amenipa ruhusa niandike bila kumtaja jina. Mamake alipata kiharusi, na huu ni mwaka wa tatu anamwosha, anamgeuza kitandani, anamlisha uji kwa kijiko. Aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama, "Mwanzoni nilifanya kwa upendo. Siku hizi nafanya tu. Nikimwosha, akili iko kwa nguo nilizoloweka. Mungu anaihesabu hiyo, ama ni unafiki?"

Ukiangalia vizuri, hayo si maswali mawili. Ni moja. Jambo jema likifanywa bila hamu, linabaki kuwa jema? Ama hamu ikiisha, wema nao umeisha, na kinachobaki ni maigizo?

Swali hili si la hao wawili peke yao. Sisi watu wa Roho tunapenda moto. Tunaimba hadi jasho, tunakesha, tunalia mbele za Bwana, na hiyo ni sawa kabisa. Lakini kuna hatari ndogo imejificha hapo. Mtu akizoea moto, siku moto haupo anadhani Mungu naye hayupo. Basi anaacha. Haachi kwa sababu ya dhambi fulani, anaacha tu kwa sababu hajisikii. Nimeona wengi wakipotea hivyo, kimya kimya, kuliko walioanguka kwa kishindo.

Nitalijibu swali hili kwa njia ya mbio. Paulo alifanya hivyo kabla yangu, na isitoshe, sisi tunaishi Nakuru.

MBIO ZA WASIOSHINDA

Paulo aliwaandikia watu wa Korintho, na watu hao walijua mbio. Karibu na mji wao, kila baada ya miaka miwili, kulifanyika michezo mikubwa ya Isthmia. Hapakuwa na fedha kwa wa pili wala shaba kwa wa tatu. Aliyeshinda ndiye aliyevikwa taji, nalo lilikuwa taji la majani ya msonobari au ya mboga inayonyauka. Wengine walienda nyumbani mikono mitupu.

Sasa tuangalie nchi yetu. Hapo juu Nyahururu ndiko alikotoka Samuel Wanjiru, aliyekuwa Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, pale Beijing mwaka wa 2008. Ukivuka Eldama Ravine uendelee mbele utafika Kaptagat, anakofanyia mazoezi Eliud Kipchoge, na baadaye Iten, mji ambao dunia nzima huja kujifunza kukimbia. Tunaishi katikati ya mabingwa. Ndiyo maana mtu wa kawaida akivaa raba za mitumba saa kumi na moja na nusu asubuhi, akaanza kupanda barabara ya kuelekea Menengai, lazima mwenye boda boda atampigia kelele, "Kipchoge! Kaza!" Na watu wa stejini wanacheka.

Wanacheka kwa nini? Kwa sababu wanajua hatashinda, na yeye pia anajua. Huyo ni mwalimu, au karani, au fundi, na ana miaka arobaini na mbili. Akienda mbio za Nairobi, washindi watakuwa wameshaoga na kunywa chai wakati yeye bado anatafuta kilomita ya thelathini. Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Nakimbia mara nne kwa wiki, na sijawahi kushinda chochote isipokuwa ile medali ambayo kila anayemaliza hupewa.

Kwa hiyo tuna mtu anayeamka gizani, hakuna anayemlipa, hakuna anayemlazimisha, na zawadi hatapata. Ni kitu gani kinamtoa kitandani?

Ukimuuliza wiki ya kwanza atakwambia ni motisha. Mwezi wa Januari barabara zetu zinajaa. Kila mtu ana raba mpya, na simu inahesabu hatua. Wiki ya tatu, goti linauma. Mvua ya Aprili inakuja na matope. Ikifika Julai, baridi ya Nakuru unaijua. Tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Julai blanketi inaongea kwa sauti kuliko mhubiri yeyote. Kundi letu lilianza na watu ishirini na kitu. Kufikia wakati huo tulibaki saba.

Nimewachunguza hao saba. Si wale waliokuwa na moto mwingi mwanzoni. Baadhi ya waliokuwa na moto mwingi waliondoka kwanza. Waliobaki ni watu ambao waliamua jana usiku. Wanaweka nguo za mazoezi kando ya kitanda kabla ya kulala. Wamepatana na mwenzao kukutana kwa geti saa kumi na moja na nusu, na mwenzao atakuwa amesimama hapo kwenye baridi. Alamu ikilia hawaanzi mjadala. Uamuzi ulishafanywa. Na kwa wanariadha wakubwa huko Iten ni vivyo hivyo: kundi linaondoka saa yake, na hakuna anayepita akiuliza nani anajisikia leo.

Kuna jambo lingine ambalo mkimbiaji hulijua kwa mwili wake kabla ya kulijua kwa akili. Kilomita nane ulizokimbia ukiwa umenuna zinajenga moyo na mapafu sawasawa na kilomita nane ulizokimbia ukiimba. Misuli haiulizi ulikuwa unawaza nini. Inapokea kazi, inapumzika, inaongezeka nguvu. Na nguvu hiyo haionekani siku hiyo hiyo. Inakuja baada ya wiki kadhaa, siku ambayo unapanda kile kilima kilichokushinda na unashangaa kwamba bado unaweza kuongea.

NENO LETU LENYEWE

Kiswahili kina jina la mtu kama huyu. Ukisikiliza habari za michezo kwa redio utasikia wakisema "ngumi za ridhaa", "wachezaji wa ridhaa". Maana yake ni wale wasiocheza kwa malipo. Tunalitumia neno hilo bila kulifikiria, lakini hebu tulifikirie leo. Ridhaa si furaha, wala si msisimko. Ridhaa ni kukubali. Ni mtu kusema kutoka ndani, "Nimeridhia. Jambo hili nimelichukua liwe langu."

Daktari akitaka kumpasua mgonjwa, anaomba ridhaa. Mgonjwa anatia sahihi mkono ukitetemeka. Je, kwa vile anaogopa, ridhaa yake ni ya uongo? Hapana. Ni ya kweli, na pengine ni ya kweli zaidi kwa sababu anaogopa na bado anatia sahihi. Au fikiria harusi. Nimesimamisha maarusi hapa mbele mara nyingi. Hatuwaulizi, "Mnajisikiaje leo?" Jibu la hilo liko wazi usoni. Tunawauliza kama wanakubali, na kukubali huko kunahusu siku ambazo hawataona raha, kunahusu ugonjwa na njaa na uzee. Tungekuwa tunafunga ndoa juu ya hisia, cheti kingehitaji kuandikwa upya kila Jumatatu.

Basi jibu langu la kwanza kwa kijana wetu ni hili. Umechanganya vitu viwili: hisia na ridhaa. Hisia zako zimepoa, ndiyo. Lakini wewe uliamka ukapiga magoti. Nani alikulazimisha? Nani alikuwa anakuona? Magoti yako yalikuwa yanasema jambo ambalo hisia zako zilikuwa zimechoka kulisema. Hapo hakuna uongo, hapo kuna ridhaa.

LAKINI MUNGU SI ANAANGALIA MOYO?

Najua kuna mtu ameshafungua Biblia kunijibu, na ni vizuri. Isaya 29:13 Bwana analalamika juu ya watu wanaomheshimu kwa midomo na mioyo yao iko mbali. Na 2 Wakorintho 9:7 Paulo anatufundisha kwamba mtoaji anayempendeza Mungu ni yule anayetoa kwa furaha. Je, hayo hayawahukumu wote wanaofanya bila hamu? Pingamizi hili lina uzito, na sitalikwepa.

Kwanza, tuulize moyo ni nini. Siku hizi tukisema moyo tunamaanisha hisia, kile kitu kinachodunda ukimwona umpendaye. Lakini katika Maandiko moyo ni zaidi ya hapo. Ni mahali ambapo mtu huamua. Ndiyo maana Danieli aliazimu moyoni mwake asijitie unajisi. Watu wa Isaya hawakuwa na kosa la kuabudu bila msisimko. Kosa lao ni kwamba waliabudu huku uamuzi wao ukiwa kwingine, mikono ikiinuliwa kwa Bwana na mipango ikipangwa bila Yeye.

Pili, sikiliza mfano ambao Bwana Yesu mwenyewe aliutoa, Mathayo 21. Mtu alikuwa na wana wawili. Akamwambia wa kwanza aende kazini shambani. Yule kijana akasema hataki, lakini baadaye akabadilisha nia, akaenda. Wa pili akajibu vizuri kwa heshima zote, na hakwenda. Yesu akauliza ni yupi aliyefanya mapenzi ya baba. Hata viongozi waliokuwa wanamtega walijua jibu. Ni yule wa kwanza. Wa pili ndiye aliyekuwa na maneno matamu. Wa kwanza alianza na "sitaki", na akaenda.

Tatu, twende Gethsemane, na hapa navua viatu. Bwana wetu usiku ule hakuwa na hamu ya msalaba. Aliomba kikombe kile kimwepuke ikiwezekana. Jasho lake lilikuwa kama damu. Kisha akajitoa kwa mapenzi ya Baba. Kama kutenda bila kujisikia ni unafiki, basi hatuna la kusema juu ya usiku ule. Lakini kanisa lote tangu mwanzo limejua kwamba pale ndipo utii ulipofika kilele chake. Wokovu wetu haukununuliwa kwa msisimko. Ulinunuliwa kwa ridhaa.

Sasa unafiki ni nini? Neno la Kiyunani lililotumika katika Injili lilikuwa jina la mwigizaji wa jukwaani, mtu anayevaa sura isiyo yake mbele ya watazamaji. Bila watazamaji hakuna maigizo. Ndiyo maana katika Mathayo 6 Yesu anawakemea wanaosali kwenye kona za barabara ili waonekane, halafu anatutuma chumbani, mlango ufungwe.

Na hapa mbio zinatufundisha jambo la kushangaza. Kuna mkimbiaji ambaye ana hamu kweli kweli. Anaamka na nguvu, anakimbia, na kabla jasho halijakauka ameshapiga picha na kuposti kilomita zake. Siku simu imeisha chaji, anarudi kulala, kwa sababu mbio isiyoonekana ni mbio ya bure. Huyo hakosi hisia, hisia anazo hadi zinamwagika. Lakini ni yeye aliye karibu na unafiki kuliko yule anayejikokota gizani peke yake akiwa amenuna. Unafiki unaweza kujaa moto. Na uaminifu unaweza kuwa baridi mikononi kama maji ya Julai.

HISIA NI FAIDA, SI MTAJI

Kabla sijaingia katika huduma nilisomea biashara, na kuna somo moja halijaniacha: usichanganye faida na mtaji. Mtaji ndio unaoendesha duka. Faida ni kinachokuja duka likiendeshwa. Anayekula mtaji akidhani ni faida, atafunga. Na anayesubiri faida ndipo aweke mtaji, hatafungua kamwe.

Chukua mwenye duka pale Kaptembwa. Anafungua saa kumi na mbili kila siku. Kuna asubuhi hauzi hata mkate mmoja. Je, anasema, "Leo sifungui kwa sababu sina hamu ya wateja, nikifungua nitakuwa mnafiki"? Tungemcheka. Anafungua. Na baada ya miezi watu wa mtaa wanajua: huyu huwa amefungua. Hapo ndipo wateja wanapokuja. Wateja huja kwa mlango uliozoea kuwa wazi.

Furaha ya Bwana iko hivyo. Haiamriwi. Huwezi kujibana ukaitoa, kama vile huwezi kumvuta mteja kwa shati. Unachoweza ni kufungua duka: kuomba saa ile ile, kusoma Neno, kuja ibadani, kumwosha mama. Hisia zitapita njiani. Siku moja zitaona mlango uko wazi, zitaingia. Yule mtoaji wa furaha ambaye Paulo anamtaja, mara nyingi ni mtu aliyekuwa anatoa tangu zamani, na furaha ikamkuta hapo hapo akitoa.

Hata kwa chama tunajua hili. Siku ya mchango hakuna mwekahazina anayeuliza, "Mama fulani, umetoa kwa hisia?" Anaandika jina na kiasi. Mnafiki wa chama si yule anayetoa akiwa amechoka. Ni yule anayesema ametoa na hajatoa.

MTU WA MWISHO UWANJANI

Kuna mtu mmoja wa hapa Afrika Mashariki ambaye kila mkimbiaji wa ridhaa anapaswa kumjua. Anaitwa John Stephen Akhwari, Mtanzania kutoka Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki kule Mexico City. Ndiyo michezo ile ile ambayo Kipchoge Keino wetu alishinda dhahabu ya mita 1,500. Wakati huo Olimpiki yenyewe ilikuwa ya wanamichezo wa ridhaa. Keino alikuwa polisi, hakuwa mtu wa kulipwa kwa kukimbia.

Mexico City iko juu sana, zaidi ya mita 2,200. Misuli ya Akhwari ilikakamaa. Kisha akaanguka, goti likaumia vibaya, na bega likagonga chini. Watu 75 walikuwa wameanza mbio hizo, na 18 kati yao hawakumaliza. Hakuna mtu angemlaumu kama angekuwa wa kumi na tisa. Mwethiopia Mamo Wolde alishinda kwa muda wa saa 2 na dakika 20. Zaidi ya saa moja baadaye, giza likiwa limeingia na watu wengi wameshaondoka, Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bendeji. Akamaliza, wa 57 kati ya 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio, ilimtuma azimalize.

Nataka uone kitu katika jibu hilo. Hakusema alijisikia vizuri. Hakusema alitiwa moyo na umati, maana umati ulikuwa umekwenda. Alisema ametumwa, na alikuwa ameridhia kutumwa huko kabla goti halijaumia. Walioshinda medali siku ile watu wengi hawawakumbuki wote. Akhwari wanamkumbuka.

UCHOVU SI WOTE NI UVIVU

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewaumiza watu, kwa hiyo nisikilizeni hadi mwisho.

Mkimbiaji yeyote anayekaa barabarani muda mrefu hujifunza kutofautisha maumivu mawili. Kuna maumivu ya kutozoea, ambayo yanapungua ukiendelea. Na kuna maumivu ya jeraha, ambayo yanazidi ukiendelea. La kwanza dawa yake ni kwenda. La pili dawa yake ni kusimama. Anayelichukua jeraha kama uvivu atavunjika mguu huku akijiita jasiri. Hata Eliud Kipchoge, mtu aliyekimbia marathoni chini ya saa mbili kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, kwa saa 1:59:40, alitoka njiani katika Olimpiki ya Paris mwaka wa 2024 kabla ya kumaliza. Kutoka kwake hakukufuta hata kilomita moja aliyowahi kukimbia.

Basi kuna mtu hajisikii kuomba kwa sababu amezoea simu kuliko magoti. Huyo namwambia: amka, ndugu. Lakini kuna mwingine amefiwa, au hajalala usiku mzima kwa miezi, au ameingiwa na huzuni isiyoondoka na hata chakula hakina ladha. Tukimwambia huyo "kaza tu, omba zaidi", tunakimbiza mtu mwenye mfupa uliovunjika. Angalia Mungu alivyomtendea Eliya chini ya mretemu. Nabii amechoka hadi anaomba afe. Malaika hakuja na mahubiri. Alikuja na mkate wa moto na gudulia la maji. Eliya akala, akalala. Akaamshwa akala tena. Ndipo safari ikaendelea. Huduma ya kwanza kwa mtumishi aliyechoka ilikuwa usingizi na chakula. Na huzuni ikiwa nzito, kwenda kumwona daktari au mshauri si kukosa imani.

Sasa narudi kwa dada yetu. Dada, jibu ni ndiyo. Mungu anaihesabu. Maji uliyommiminia mamako ukiwaza nguo yalimtakasa mwili sawasawa na yale uliyommimina ukilia kwa upendo. Yeye amelala safi, na ngozi yake haijapata vidonda. Upendo wako haukuisha. Uliacha kuwa wimbo, ukawa mikono. Heshima unayompa mzazi imo katika kumgeuza kila saa chache, hata usiku ambao hukuwa na neno la kumwambia.

Lakini jibu hilo ni nusu tu, na nusu ya pili inatuhusu sisi. Kipchoge hakukimbia peke yake kule Vienna. Wanariadha 41, baadhi yao mabingwa wa dunia, walipokezana kumtangulia na kumkinga upepo. Walikuwa wakichoka wanatoka, wengine wanaingia. Hakuna aliyesema kwamba Kipchoge ni dhaifu kwa kuwa amekingwa upepo. Sasa kanisa, dada yetu amekuwa akikimbia upepo usoni kwa miaka mitatu, nasi tunamsalimia Jumapili na kumwambia Mungu amtie nguvu. Mungu alishajibu ombi hilo. Aliweka watu wenye nguvu viti viwili nyuma yake. Akina mama wa ushirika wa nyumbani wa mtaa wake wamepanga zamu: kila Jumatano na Jumamosi mmoja anakaa na mgonjwa, ili yeye alale, au aende tu kutembea bila kuangalia saa. Nafasi za kujiandikisha bado zipo. Kama ridhaa yako ni ya kweli, iandike jina.

TAJI HALINUNULIWI

Neno la mwisho la tahadhari. Nidhamu haiokoi. Mtu anaweza kuamka saa kumi kila siku na bado akawa mbali na msalaba, akihesabu sala zake kama kilomita. Hatukimbii ili tupendwe. Tunakimbia kwa sababu tumependwa tayari. Taji la Korintho lilinyauka na lilikuwa la mtu mmoja. Taji letu halinyauki, na Paulo anafundisha katika 2 Timotheo 4:8 kwamba si lake peke yake bali ni la wote wanaotazamia kufunuliwa kwa Bwana. Katika mbio hizi wa 57 anavikwa taji lile lile.

Wala sisemi kila mtu anunue raba. Mama anayesimama siku nzima kwenye shamba la maua kule Naivasha, au anayebeba magunia sokoni kabla jua halijatoka, mwili wake umeshakimbia. Paulo mwenyewe anamwambia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida yake ndogo, na utauwa una faida pande zote. Lakini ambaye siku nzima yuko kwa kiti, kidogo hicho asikidharau. Anza polepole, mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzako. Ongeza kidogo kidogo. Pumzika. Na wakimbiaji wangu, mnanijua: mbio ndefu ni Jumamosi. Jumapili saa mbili tukutane hapa.

YA KUFANYA WIKI HII

Moja: chagua jambo jema moja uliloliacha kwa sababu hamu iliisha. Lirudie kwa siku saba, kwa kipimo kidogo, saa ile ile. Usijipime kwa ulivyojisikia. Jipime kwa kama ulikwenda.

Mbili: mtafute mwenzako wa kukutana naye kwa geti. Mtu mmoja wa kuomba naye, hata kwa simu dakika kumi.

Tatu: mtafute mtu anayekimbia upepo usoni, umkinge kwa saa mbili. Usimuulize kama anahitaji msaada, atasema yuko sawa. Mwambie utafika saa ngapi.

Tuombe. Baba, tunakuletea mioyo yetu ilivyo, yenye moto na iliyopoa. Hatuna la kujifanya mbele zako. Pokea ridhaa yetu hata pale hamu imetuacha. Wape usingizi waliochoka, uwaamshe waliolala. Utufundishe kukingana upepo, hadi wa mwisho wetu aingie. Katika jina la Yesu. Amina.